Waliolala Bweni Moja

Wazee wengi waliosoma katika shule za bweni kabla ya Uhuru wa Kenya hukutana siku hizi mahali pamoja tu, napo ni matangani. Mmoja wao amefariki. Tangazo limechapwa gazetini au limesomwa redioni. Nao huja wanne au watano, huyu na mkongojo wake, yule akishikwa mkono na mjukuu, wakaketi safu moja chini ya hema. Kabla sala ya kwanza haijaanza wamekwisha kuitana kwa majina ya utani ambayo hata wake zao hawajapata kuyasikia. Baada ya maziko, wakati wa kunywa chai, mmoja husema, "Jamani, tusingoje tena kifo ndipo tuonane." Wote huitikia kwa moyo. Kisha magari huwashwa, kila mtu hushika njia ya kwao, na maneno yale yale husemwa tena mwaka wa pili, kwenye matanga ya mmoja wa wale walioitikia.

Jambo hili lafaa kuangaliwa kwa makini, maana muda wenyewe umekuwa mfupi. Kijana aliyeingia kidato cha kwanza mwaka 1960 akiwa na umri wa miaka 15 alizaliwa mwaka 1945, na aliyezaliwa mwaka 1945 alitimiza miaka 80 katika mwaka 2025. Waliomtangulia darasani wamebaki wachache sana. Mwenye nia ya kumtembelea mwenzake hana miaka kumi ya kungojea.

Vijana wa leo, ambao wana shule ya sekondari karibu na kila soko, hawawezi kufahamu upesi jinsi undugu wa wazee hawa ulivyopatikana. Zamani shule kubwa zilihesabika kwa vidole. Maseno ilianzwa na wamisheni wa C.M.S. mwaka 1906. Alliance High School ya Kikuyu ilifunguliwa tarehe 1 Machi 1926 na misheni za Kiprotestanti zilizofanya shauri moja, nayo ilianza na wavulana 27 tu. Kwa hesabu hiyo siku ya kutimia miaka mia moja ni tarehe 1 Machi 2026. Wakatoliki walianza yao Kabaa mwaka 1925, na baadaye ikahamia Mang'u. Ng'ambo ya mipaka palikuwa na King's College Budo katika Uganda, iliyofunguliwa mwaka 1906 juu ya kilima ambapo Kabaka wa Buganda hutawazwa, na shule ya serikali ya Tabora katika Tanganyika, ambayo Julius Nyerere aliingia mwaka 1937.

Basi mtoto aliyefaulu mtihani hakuwa na budi kusafiri. Mvulana wa Nyanza alipanda gari la moshi Kisumu, daraja la tatu, sanduku lake la bati likiwa kati ya magoti, akapita Nakuru na Naivasha, akapanda ukuta wa Bonde la Ufa mpaka Limuru, ndipo akashuka katika stesheni ya Kikuyu. Mvulana wa Pwani alitoka upande wa pili: usiku mzima kutoka Mombasa hadi Nairobi, kisha safari fupi ya kupanda milima. Wengi wao hawakuwa wamepata kuona baridi ya namna ile. Katika mwezi wa Julai ukungu huweza kulala juu ya majani ya Kikuyu hata jua likapanda, na mtoto aliyezoea joto la Kilifi alijifunza thamani ya blanketi la pili kabla hajajifunza aljebra.

Akiisha kufika alipewa kitanda, na kitanda hicho ndicho kilichoamua mengi. Hakuchagua jirani. Kulia kwake huenda akalala mtoto wa Taita, kushoto mtoto wa Maragoli, na mbele yake Mkamba au Mmeru. Lugha ya mama yake haikumsaidia kuomba sabuni. Kengele iliwaamsha wote pamoja, uji ulikuwa mmoja, adhabu zilikuwa zile zile. Na yule aliyelia usiku wa kwanza chini ya blanketi alimjua siku zote mwenzake aliyemsikia akanyamaza, asimwambie mtu asubuhi. Mambo madogo kama haya hayaandikwi katika taarifa ya shule, lakini ndiyo yaliyofanya watu wa makabila mbalimbali wapendane kabla hawajafundishwa na wanasiasa kuogopana.

Walimu nao wamo katika mazungumzo ya wazee hawa, na hasa Edward Carey Francis. Huyu alikuwa mwalimu wa hesabu katika Chuo Kikuu cha Cambridge, akaacha kazi hiyo akaja Maseno mwaka 1928, kisha akawa mwalimu mkuu wa Alliance tangu 1940 hadi 1962. Alipomaliza kazi hakurudi kwao Uingereza kupumzika. Alikwenda kufundisha katika shule ya Pumwani, Nairobi, akaendelea mpaka alipofariki mwaka 1966. Wapo wanafunzi wake waliompenda kama baba, na wapo waliomwona mkali kupita kiasi, mtu asiyependa siasa za Waafrika na asiyebadili neno lake. Shauri hilo halijakatwa mpaka leo. Pengine ni heri lisikatwe, kwa kuwa limewapa wazee wengi sababu ya kupigiana simu.

Lakini lipo jambo zito zaidi ambalo wazee wa miaka ile hubeba pamoja, nalo ni Hali ya Hatari, iliyotangazwa tarehe 20 Oktoba 1952 na kuondolewa mwaka 1960. Mwandishi Ngũgĩ wa Thiong'o aliingia Alliance mwaka 1955. Katika kitabu chake cha mwaka 2012, In the House of the Interpreter, ameeleza jinsi alivyorudi nyumbani Limuru kwa likizo yake ya kwanza asiikute nyumba yao wala kijiji chao. Watu wote walikuwa wamehamishwa na kutiwa katika kijiji kipya kwa amri ya serikali. Mtoto alikuwa amevaa nguo za shule, mkononi ana sanduku lake, na mahali alipozaliwa hapakuwapo tena.

Likizo ilipokwisha watoto kama hao walirudi bwenini wakalala karibu na wenzao wa Nyanza na Pwani ambao vijiji vyao vilikuwa salama. Tena katika bweni hilo hilo aliweza kulala kijana ambaye ndugu yake alikuwa msituni pamoja na kijana ambaye baba yake alikuwa homugadi. Walikula meza moja. Usiku walisikiana wakipumua. Yale waliyoyasema na yale waliyoyanyamazia hayajulikani na mtu mwingine yeyote, wala wengi hawakuyaeleza kwa watoto wao. Mzee wa namna hiyo akitaka kuuliza, "Hivi ulijua wakati ule kwamba ndugu yangu amekamatwa?" hana mtu wa kumwuliza isipokuwa yule aliyelala kitanda cha pili. Akifa huyo, swali limekufa pamoja naye.

Hata kutembeleana siku zile kulikuwa kugumu. Mkikuyu, Mwembu au Mmeru hakuweza kusafiri apendavyo. Ilimpasa kuwa na pasi na kibali, na wenzake waliotaka kumwona nyumbani kwao wakati wa likizo wangekuta kijiji kilichozungushiwa handaki na kulindwa. Wale wa kwanza kabisa, wa miaka ya 1926 na kuendelea, walipotoka shule walipaswa kuchukua kipande, ambacho kiliondolewa mwaka 1947 tu. Kwa hiyo mzee anayesema leo kwamba safari ya kwenda kwa mwenzake ni ngumu kwa sababu ya ubovu wa barabara hana budi kukumbuka kwamba zamani barabara ilikuwapo, ila ruhusa ya kuipita ndiyo iliyokosekana.

Baada ya shule wengi waliendelea kukutana Makerere. Chuo hicho, kilichoanzishwa Kampala mwaka 1922, ndicho kilichowaunganisha vijana wa Alliance, Maseno na Mang'u na wale wa Budo na Tabora. Jaramogi Oginga Odinga alipita njia hiyo yote: Maseno, kisha Alliance, kisha Makerere. Mwai Kibaki alitoka Mang'u akaenda Makerere. Nyerere alikuwa huko tangu 1943 hadi 1945. Hivyo mtu wa Nyeri aliweza kuwa na rafiki Bukoba na mwingine Masaka, na akasafiri kwenda arusini kwao kwa gari la moshi na kwa meli za Ziwa Viktoria kama mtu aendaye kwa shangazi yake.

Isidhaniwe kwamba kulala pamoja kuliwafanya wawe na shauri moja. KANU ilipoanzishwa mwaka 1960, James Gichuru alikuwa rais wake na Odinga makamu wa rais. KADU, chama kilichoshindana nacho, kiliongozwa na Ronald Ngala kutoka Pwani. Wote watatu walikuwa wamesoma Alliance. Walipigana kwa maneno mbele ya nchi nzima mpaka KADU ilipovunjwa mwaka 1964 na wafuasi wake wakajiunga na KANU. Aliyekuwa akisikiliza hotuba zao angedhani wametoka katika nchi mbili. Kumbe walifundishwa juu ya kilima kimoja.

Palikuwa na vikwazo vingine baadaye. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, Tanzania ilifunga mpaka wake na Kenya, nao haukufunguliwa mpaka Novemba 1983. Kwa miaka zaidi ya sita mtu wa Voi, ambaye angeweza kufika Moshi kabla ya chakula cha mchana, hakuweza kuvuka kumwona rafiki yake wa Makerere. Jumuiya mpya iliundwa kwa mapatano yaliyotiwa sahihi mwaka 1999, na tangu mwaka 2014 raia wa Kenya, Uganda na Rwanda wameweza kuvuka mipaka yao kwa kitambulisho tu. Ruhusa iliporudi, baadhi ya wale waliokuwa wakitafutana walikuwa wamekwisha kufa au wamehama bila kuacha anwani.

Tena katika fujo zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007, ambazo zaidi ya watu 1,100 waliuawa na mamia ya maelfu wakafukuzwa makwao, njia za Bonde la Ufa zilizuiwa kwa mawe na magogo. Mzee wa Nyeri mwenye rafiki Kisumu, au wa Kisumu mwenye rafiki Nyeri, alijua siku hizo kama rafiki huyo ni wa kweli au ni jina tu katika orodha ya chama cha wanafunzi wa zamani. Simu ilitosha kulijua hilo. Iliyopigwa ilikumbukwa, na isiyopigwa ilikumbukwa zaidi.

Sasa, zipo shule nyingi ambazo wanafunzi wake wa zamani wana chama, mwenyekiti, mweka hazina na mkutano wa kila mwaka. Hilo ni jambo jema. Hukutana shuleni au katika hoteli ya Nairobi, husimama kuimba wimbo wa shule, huchanga fedha za karo kwa watoto maskini na za kujenga maktaba, na mwalimu mkuu wa sasa huwaeleza matokeo ya mitihani. Asiyekubali kwamba michango hiyo imewasaidia watoto wengi anasema uwongo.

Lakini katika mikutano hiyo yamo makosa mawili yanayoonekana kwa kila mwenye macho. La kwanza ni meza kuu. Waziri wa zamani, jaji na mkurugenzi wa benki huketi mbele penye maua, na hotuba zao hula saa tatu. Wale waliokuwa pamoja nao bwenini huketi nyuma wakitazama migongo ya watu. Watu waliokuwa sawa chini ya kengele moja hugawanywa upya kwa vyeo. Mzee mkulima mdogo, ambaye koti lake ni la mwaka 1975, huja mara moja, haji tena. Akiulizwa husema alikuwa mgonjwa.

Kosa la pili ni kuwasahau wasiomaliza. Katika kila kundi walikuwamo waliofukuzwa kwa utundu, waliokosa karo, waliougua, na wale waliokamatwa wakati wa Hali ya Hatari wasirudi darasani. Orodha ya chama huandikwa kutokana na vyeti vya mtihani, kwa hiyo majina yao hayamo. Walikuwa na vitanda kama wengine. Aghalabu wao ndio waliokuwa wachekeshaji wa bweni, na wengine waliwafundisha wenzao kucheza mpira. Mwenye kuitisha mkutano na aanze kwa kuuliza, "Ni nani aliyekuwa nasi ambaye hatumwiti?"

Wanawake wana shida yao ya peke yao. Shule ya Alliance ya wasichana ilianzishwa Kikuyu mwaka 1948, nayo wakati huo iliitwa African Girls' High School. Msichana aliyetoka huko akaolewa mara nyingi alibadili jina, akahamia kwa mumewe, na katika muda wa miaka mitano hakuna mwenzake aliyejua amwandikie barua kwa jina gani. Wengi walipatikana tena baada ya miaka arobaini, kwa bahati tu, kanisani au hospitalini. Hata hivyo, hapana budi kusemwa kwamba wanawake wakiisha kupatana huendesha jambo hili vizuri kuliko wanaume. Hawangoji katiba wala mwenyekiti. Huambiana siku, hufunga vikapu, hupanda matatu, na jioni wamekwisha kurudi wakijua habari za kila mjukuu. Wanaume huunda kamati kwanza.

Njia iliyo bora, kwa wale ambao umri wao umepita wa hotuba, ni kutembeleana nyumbani. Tuseme wamebaki sita wa mwaka mmoja: wawili Murang'a, mmoja Machakos, mmoja Kakamega, mmoja Kisumu na mmoja Kilifi. Kila mwaka huchagua nyumba moja wakaenda huko wote wanaoweza. Hapana ada, hapana vitabu vya hesabu. Mwaka huu ni Kilifi, mwaka ujao ni Kakamega. Asiyeweza tena kusafiri huwekwa mbele ya wote katika zamu, maana ndiye aliye karibu kusahauliwa.

Safari ya wazee yahitaji akili. Wasisafiri usiku, ijapokuwa nauli ya usiku ni rahisi. Barabara kuu za Kenya hazina huruma gizani. Kila mmoja achukue dawa zake za siku mbili zaidi ya zile anazodhani zitamtosha, na kijana mmoja mwenye nguvu afuatane nao kubeba mizigo na kushughulika na tiketi. Waendao Pwani wana nafuu: gari la moshi la abiria la reli ya zamani kati ya Nairobi na Mombasa liliacha kazi mwaka 2017, na mahali pake likaja la reli mpya, ambalo lafika mchana ule ule. Kutoka Mombasa mpaka Kilifi ni kilometa 60 hivi. Wazee wengine hulalamika kwamba gari jipya lakwenda mbio mno hata hadithi haiishi, nao wana haki kidogo, kwa sababu usiku mzima juu ya viti vya mbao vya daraja la tatu ulikuwa ndio darasa lao la kwanza la kujuana. Lakini magoti ya leo si ya mwaka 1958.

Neno la fedha lisemwe waziwazi. Wengine wana pensheni nzuri na wengine hawana kitu. Mwenye uwezo atume nauli ya mwenzake kwa M-Pesa kimya kimya, siku tatu kabla ya safari, asitaje jambo hilo njiani wala mezani. Mgeni achukue zawadi ya kawaida: sukari, majani ya chai, na kitu cha mama wa nyumbani. Mwenyeji naye asiuze mbuzi ili achinje mbuzi. Wapo wazee wanaokataa kutembelewa kwa sababu wanaona haya ya nyumba yao. Hao waambiwe kwamba mwenzao amekwisha kuwaona wakifua shati moja waliyokuwa nayo, wakaisubiri ikauke.

Na itokeapo kwamba mwenyeji amekufa kabla zamu yake haijafika, safari isivunjwe. Mjane yuko. Wahenga walinena kwamba undugu ni kufaana, na mjane huyu mara nyingi amekaa miaka hamsini na mtu ambaye hakumjua kijana. Wageni hao ndio pekee wanaoweza kumweleza mume wake alikuwaje akiwa na umri wa miaka 16: kwamba aliogopa maji, kwamba aliimba sauti ya tatu, kwamba alipigana mara moja tu na sababu ilikuwa nini. Watoto wake nao husikiliza. Kwa nyumba iliyofiwa zawadi hii ni kubwa kuliko bahasha.

Walio mbali kabisa wana shida kubwa zaidi. Tangu safari za ndege za wanafunzi za mwaka 1959 na kuendelea, wako waliokwenda Marekani kusoma wakakaa huko. Na siku hizi wazee wengine huchukuliwa na watoto wao kwenda kukaa nao ng'ambo, wakajikuta katika nyumba yenye joto la mashine na jirani asiyesalimu. Ngũgĩ mwenyewe alifariki Marekani, katika jimbo la Georgia, tarehe 28 Mei 2025. Kwa hao simu ndiyo barabara. Makundi ya WhatsApp ya wanafunzi wa zamani ni mengi, nayo yana faida, ila yamejaa picha za maua na sala zilizotumwa na watu wasiojulikana kwa watu wasiozisoma. Afadhali kuzungumza na mtu mmoja kwa sauti, Jumapili jioni, kuliko kutuma maua kwa mia.

Mwenye shaka kama safari hizi zina faida na aitazame nyumba moja siku ya zamu yake. Tangu saa nne mwenyeji amekaa chini ya mwembe, amevaa koti, kofia iko juu ya goti. Amemwuliza mjukuu saa mara tano. Mkewe amemwambia aingie ndani apumzike, naye amekataa. Mara gari limesimama mlangoni, vumbi limetulia, na kabla mtu yeyote hajateremka sauti imemwita kwa jina la shule, jina la mnyama fulani, ambalo wajukuu hawakujua kwamba babu alipata kuwa nalo. Watoto wamecheka. Babu amesimama bila mkongojo.

Baada ya chakula wanne hao hawazungumzi habari za serikali. Wanalihesabu bweni, kitanda kwa kitanda, kuanzia mlangoni upande wa kulia. Huyu alikufa mwaka 1982. Huyu yuko Thika, miguu imemshinda. Huyu alikuwa daktari. Huyu hakumaliza, baba yake alikosa karo. Wa mwisho kumwona alimwona Nakuru, sokoni, miaka mingi iliyopita. Wamefika kitanda cha kumi na moja, karibu na dirisha lililovunjika, na hapo wameshindana: mmoja asema alilala kijana wa Machakos, mwingine asema la, huyo alikuwa cha kumi na mbili. Sauti zimepanda. Mwenyeji amenyosha mkono akamwambia mjukuu alete simu, apigiwe yule wa Thika, maana yeye ndiye aliyelala kitanda cha kumi na hana budi kujua.

"Mpigie sasa hivi," amesema, "kabla hajalala."